Aliyetoka Gerezani Apewe Jembe



Mtu anapomaliza kifungo, hukumu ya mahakama imekwisha. Mara nyingi hapo ndipo hukumu ya kijiji huanza. Nyumba za kupanga hujaa ghafla anapouliza. Kuku akipotea, mlango wa kwanza kubishwa ni wake. Mtoto wake huitwa shuleni kwa jina la kosa la baba. Shamba aliloliacha, huenda ndugu wamekwisha kuligawana.

Hofu ya majirani si ya kubezwa. Aliyeibiwa au kuumizwa hasahau kwa sababu miaka imepita, wala hapaswi kulazimishwa asamehe. Kwa makosa mengine, hasa yale waliyotendewa watoto, tahadhari ni wajibu. Kumpokea mtu si kufumba macho. Lakini kuwa na tahadhari ni tofauti na kumfungia mtu kila mlango. Asiye na kazi, malazi wala rafiki hurudi kwa wenzake wa zamani, na hao hawakosi kumkaribisha. Hasara ikija, itakuwa ya kijiji kizima.

Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu aliyekwisha kuhukumiwa kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Ikiwa mahakama yenyewe haina ruhusa hiyo, watu wa sokoni wameipata wapi? Aliyemaliza kifungo bado ni mkazi wa kaunti: anaweza kutibiwa katika zahanati, na kutoa maoni kwenye vikao vya bajeti kama mkazi mwingine yeyote.

Magereza ya Kenya hufundisha useremala, uashi, ushonaji na kilimo, na wafungwa wengine hufanya mitihani ya kitaifa. Nambari za magari yanayopita barabarani hutengenezwa na wafungwa katika Gereza la Kamiti. Hata hivyo, fundi huyo akirudi nyumbani, waajiri wengi hudai cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na ufundi wake hukosa pa kutumika. Ndiyo sababu kazi ya kwanza mara nyingi hutoka kwa jirani: mlango wa kutengeneza, ukuta wa kujenga, shamba la kupalilia. Kazi hiyo ilipwe kama ya fundi mwingine, si kama sadaka.

Familia inayojua siku ya mtu wao kutoka imwone mapema chifu na afisa wa probesheni. Mazungumzo na aliyekosewa yafanyike kwa hiari yake, kabla pande mbili hazijakutana ghafla njiani. Walimu wakomeshe majina ya kudhihaki watoto. Ndugu warudishe shamba lisilo lao.

Naye aliyetoka ana wajibu wake: akiri kosa, alipe anachoweza, na asitarajie kuaminiwa kwa siku moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe, sembuse mtu aliyerudi kwao? Akipata kazi mapema, yeye atakula jasho lake, na majirani watalala kwa amani.