Mwiba Uliobaki Ndani

Wakati wa kulima umefika, na wengi wetu tunaingia shambani miguu mitupu. Kwa hiyo leo tuongee juu ya mwiba, ule wa kweli, unaochoma mguu na kukatikia ndani.

Ninyi wa bonde la Ruzizi mnaijua miiba mirefu ya migunga pale ng'ombe wanapopita. Watu wa Fizi na Baraka wanaokata ngazi wanaijua miiba ya makuti. Sisi wa milimani tuna miiba ya ndimu, na vibanzi vya mianzi na mbao. Mtu anachomwa, anavuta, kipande kinatoka na kipande kinabaki. Anafutafuta damu, anashika jembe, anaendelea. Siku chache zikipita ngozi imefunga, naye anasema: nimepona.

Lakini ngozi inafunga hata juu ya kitu kibaya. Mwiba ni mti, na mwili hauwezi kuumeng'enya kama chakula. Mara nyingine mwili wenyewe unausukuma nje pamoja na usaha. Mara nyingine unauzungushia nyama ngumu, na uvimbe mdogo unabaki pale. Na kama mwiba umeingia kwenye kiungo, katika goti au katika kifundo cha kidole, unaweza kutulia majuma, hata miezi, kisha kiungo kinavimba na kukataa kukunjwa. Siku hiyo nani anakumbuka mwiba?

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kijana ana goti lililovimba. Dawa za maumivu zimeisha, uvimbe haujaisha. Jamaa wanakaa usiku na kuulizana alikula wapi, nani alimpa kinywaji, mama gani mzee alimtazama vibaya njiani. Mmoja anasema ni sumu. Mwingine anapendekeza kwenda kwa mfumu. Na inanisikitisha kusema kwamba wengine wanapeleka jambo hilo kwenye chumba cha maombi, wanatoka na jina la jirani. Jina likishatajwa, haliwezi kuvutwa tena kwa pensi. Nyumba zimechomwa katika nchi yetu kwa maneno ya namna hiyo, na wazee wamefukuzwa vijijini mwao.

Ninyi wachungaji wenzangu na wakubwa wa vikundi vya maombi, mkiletewa mgonjwa mwenye uvimbe wa mguu au mkono, ulizeni swali moja mbele ya kuweka mikono: ulichomwa na kitu? Si jana tu. Ulichomwa tangu msimu wa kulima uliopita? Swali hilo halipunguzi imani ya mtu yeyote, na linaweza kuokoa nyumba mbili, ya mgonjwa na ya jirani.

Kuna andiko ambalo watu wanalipindua hapa. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, Paulo anataja mwiba uliomsumbua mwilini. Mwiba huo ulikuwa nini, walimu wa Biblia hawajapatana mpaka leo. Basi mtu akiteseka, anaambiwa: vumilia, hata Paulo aliachiwa wake. Soma sura yote, mpendwa. Paulo aliomba mara tatu uondolewe. Hakuanza kwa kuukubali. Na mtu huyo huyo alisafiri na Luka, ambaye barua ya Wakolosai inamwita tabibu, tena alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake. Mwiba wa Paulo hatuujui. Ule ulio katika kisigino cha mtoto wako unaonekana, na sindano inaufikia.

Basi tuufikie. Nawa mikono kwa maji safi na sabuni, kisha osha pale palipochomwa. Usiloweke mguu kwa muda mrefu, kwa sababu mwiba ukinywa maji unavimba, unalainika na kukatikakatika. Kaa kwenye mwanga wa mchana. Kibatari kinadanganya macho. Chemsha sindano na pensi katika maji yanayotokota, au pitisha ncha ya sindano katika moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, kisha pangusa masizi kwa kitambaa safi. Kama mwisho wa mwiba uko nje, ushike kwa pensi na kuvuta polepole kwa kufuata njia ile ulikopitia kuingia. Ukiuvuta kwa kupinda, unauvunja. Kama uko chini kidogo tu ya ngozi nawe unauona, fungua ngozi juu yake kwa ncha ya sindano, inua mwisho wake, kisha vuta.

Usikamue. Najua vidole vinawasha kukamua, lakini ukibana unaupeleka chini au unauvunja vipande. Ukitoka, utazame: ncha yake ipo? Mwiba usio na ncha haujatoka wote. Osha tena kwa sabuni, funika kwa kitambaa safi, na vaa kiatu.

Kama huuoni, usichimbe. Mama mmoja akichimba kisigino cha mtoto huku wawili wakimshika, mara nyingi kinachopatikana ni jeraha kubwa kuliko la kwanza. Kibanzi kidogo kilicho juu juu na kisichouma mara nyingi kinatoka chenyewe ngozi inapobadilika. Ulioingia ndani sana, ulio karibu na kiungo, kwenye kiganja, shingoni au jichoni, huo ni wa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wa jichoni usiuguse kabisa.

Na vile vitu tunavyopaka! Mavi ya ng'ombe, majivu, petroli, maji ya batri. Petroli na maji ya batri vinaunguza nyama. Mavi ya ng'ombe yanaweza kuleta ugonjwa ninaouogopa kuliko mwiba wenyewe, yaani tetanosi. Mbegu za kijidudu chake zinakaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Kinapenda jeraha jembamba lenye kina, pale hewa isipofika, na hilo ndilo jeraha la mwiba. Dalili zinakuja kwa kawaida kati ya siku 3 na siku 21, wakati kidonda chenyewe kinaweza kuwa kimefunga. Taya zinakaza, mtu hawezi kufungua kinywa. Shingo inakakamaa, mgongo unapinda, na sauti ndogo tu inaweza kumtupa katika mishtuko.

Wapendwa, mtu wa namna hiyo akiletwa kanisani, wengi wataona pepo. Akili yake inabaki nzima, anasikia kila neno mnalosema juu yake, na kelele zetu zinamuumiza. Mbebeni hospitali kimya kimya. Mkitaka kuomba, ombeni mkitembea.

Kinga ipo, ni chanjo. Watoto wanaipata katika juma la 6, la 10 na la 14 baada ya kuzaliwa, ndani ya zile sindano za kliniki. Mama mjamzito anachanjwa ili yeye na mtoto mchanga walindwe. Baba je? Anayeshika jembe na panga kila siku ndiye asiye na siku yake ya chanjo, na zile za utoto, kama alizipata, hazimlindi mpaka uzee. Hata aliyewahi kuugua tetanosi akapona anahitaji chanjo, kwa sababu ugonjwa huo hauachi kinga mwilini. Ukipeleka jeraha lolote kituoni, uliza juu ya chanjo ya tetanosi kabla hujatoka.

Wengine hawausikii mwiba kabisa. Mwenye ugonjwa wa sukari wa muda mrefu, na mwenye ukoma, miguu yao inaweza kufa ganzi. Daktari Paul Brand, mmisionari aliyewatibu wenye ukoma kule Vellore, India, alionyesha kwamba vidole vyao vilipotea hasa kwa majeraha ambayo hawakuyahisi, mtu akikanyaga kitu chenye ncha na kuendelea kutembea. Kama mzee wako yuko hivyo, mtazame nyayo kila jioni, na kati ya vidole pia. Ni kazi ya dakika tano, mjukuu anaweza kuifanya.

Ukiona wekundu unatambaa, pale panawaka moto na kupwita, usaha unatoka, mstari mwekundu unapanda mguuni, mtoki umevimba kwenye kinena, au homa imeingia, usingoje ibada ya Jumapili. Najua franga ni shida, na kituo kiko mbali kwa wengi. Jipu la mwiba likicheleweshwa linagharimu mbuzi. Likiwahiwa linagharimu kuku. Kikundi cha mama au shirika la kanisa linaweza kuchangia kuku huyo.

Mkifika, semeni mapema kwamba ni mwiba. Picha ya radio, si radio hii yetu, mara nyingi haiuonyeshi mti. Inaonyesha mifupa na chuma. Mtu anatazama picha safi, anarudishwa nyumbani na mwiba wake. Ekografi inauona vizuri zaidi, pale ilipo. Mganga hawezi kutafuta asichoambiwa, basi mwambie ni mti gani, ulichomwa siku gani, na kipande ulichotoa kifunge katika karatasi uende nacho.

Sasa tuombe pamoja kwa ajili ya wote wenye uvimbe usioeleweka usiku huu, na kwa ajili ya majirani waliokwisha kutajwa majina. Kesho asubuhi, yule mwenye goti apelekwe.