Mwanachama Aliyekatika Mkono na Chama Chake

(Mazungumzo yaliyosomwa katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Aghalabu semina kama hii huzungumzia daftari la wanachama, stakabadhi, mizani na mikopo. Safari hii habari ni ya mkono wa mtu mmoja. Walakini kabla ya kwisha itakuwa imerudi palepale kwenye daftari, stakabadhi na mizani.

Yuko mwanachama mmoja wa chama cha msingi cha kahawa, katika miteremko ya Kilimanjaro, aliyepoteza mkono wa kulia mwaka 2016. Jina lake halitatajwa, wala la chama chake, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alikubali maoni yake yasomwe mbele ya watu kwa sharti moja tu, kwamba yasilainishwe.

Mkono huo ulichukuliwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mali ya chama. Wafugaji wa ndani wanaijua mashine hiyo: majani huwekwa mdomoni, rola mbili huyavuta, kisha visu huyakata. Rola hazibagui jani na mkono wa sweta. Mashine ilipoletwa ilikuwa na kihori kirefu cha bati mbele ya mdomo, ili mkono wa mlishaji usiweze kuzifikia rola hata akijinyoosha. Kihori kiliondolewa kwa sababu kilichelewesha foleni. Kila mmoja aliona kikiondolewa, yeye mwenyewe akiwamo, na hilo halifichi. Husema alifurahi kama wenzake, kwa kuwa siku ile aliwahi kurudi nyumbani.

Hospitalini mkono ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Wanachama walichanga fedha, zikatosha nauli, dawa na chakula cha nyumbani kwa muda. Hapa ndipo maoni yake ya kwanza yanapoanza kuchoma. Anashukuru kwa mchango, na orodha ya waliochanga anaihifadhi mpaka leo. Lakini anasema mchango ule ulikinunua kimya chake. Mkutano mkuu uliofuata, habari ya mashine iliwekwa mwisho kabisa, chini ya "Mengineyo", na ilipofikiwa jua lilikuwa limekwisha kuzama na watu wanatafuta viatu vyao. Alipotaka kusema, jirani yake alimgusa bega na kumnong'oneza, "Ndugu yangu, wamekuchangia, utawasemaje tena?" Akanyamaza mwaka mzima.

Methali moja haipendi kuisikia: "Hujafa hujaumbika." Anakiri kwamba ni ya kweli. Lakini anasema husemwa na mwenye mikono miwili kwa ajili ya hofu yake mwenyewe, naye aliyekwisha kukatika haimpi hata kijiko cha kulia.

Sasa tufike kwenye daftari. Malipo ya pili ya kahawa yalipotoka, alikwenda benki akatia saini kwa mkono wa kushoto. Karani akalinganisha na saini ya mfano iliyo katika kadi, akakataa. Kwa mujibu wa kadi, aliyesimama dirishani hakuwa yeye. Karani hakuwa mtu mbaya, alifuata utaratibu, na utaratibu huo ndio unaotulinda sote dhidi ya wezi. Mwenyewe hulieleza jambo hilo bila kupandisha sauti: mkono ulizikwa siku moja, saini ikafuata baadaye, na hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na misiba miwili. Alirudi nyumbani mara tatu mikono mitupu, na mara ya nne katibu wake alikwenda naye.

Makatibu na walizingatie hili. Mwanachama akipatwa na ajali ya mkono, ugonjwa wa kupooza au upofu, haifai kungoja msimu wa malipo. Katika kikao cha kamati kinachofuata, aitwe, atie saini mpya au dole gumba la mkono uliobaki mbele ya mashahidi, jambo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na barua ipelekwe benki pamoja na kitambulisho chake. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Kwa mwanachama huyu haikufanywa, na ada ya shule ya watoto wake ilichelewa muhula mzima.

Nyumbani mambo yalikuwa na uzito wa namna nyingine. Katika jamii zetu mkono wa kulia ndio wa kusalimia, wa kupokea na wa kulia chakula. Kumpa mzee kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, na mtoto huadhibiwa kwa ajili hiyo. Mtu wa miaka hamsini na zaidi alilazimika kuuvunja mwiko aliowafundisha wanawe. Kwa muda alikuwa akila peke yake baada ya wengine kuondoka. Siku moja mama yake mzazi alikuja, akaketi naye kwenye sahani moja, akala kwa mkono wa kushoto mpaka mwisho bila kusema neno. Tangu siku hiyo anakula na watu.

Usiku vidole visivyokuwapo vilimuuma. Baadhi ya majirani walinong'ona habari za uchawi. Wala si uchawi, na si upungufu wa akili. Mpasuaji wa Kifaransa Ambroise Paré aliyaandika maumivu ya namna hiyo tangu miaka ya 1500, na mwaka 1871 daktari wa Kimarekani Silas Weir Mitchell aliyapa jina la kiungo cha mzimu, baada ya kuwatibu askari wengi waliokatwa viungo. Ubongo huendelea kuutunza mkono ambao mwili hauna tena. Katika miaka ya 1990 mtaalamu V. S. Ramachandran alianza kutumia kioo: mgonjwa huweka mkono mzima mbele yake, jicho likaona mikono miwili, na wengine hupata nafuu ile ngumi isiyokuwapo inapoonekana kukunjuka. Si wote wanaosaidika. Mwanachama huyu alijaribu kwa kioo cha kabati la mkewe, akapata nafuu ya kulala, ijapokuwa siku za baridi maumivu bado humrudia.

Kuhusu mikono ya bandia ana maoni makali. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, nacho kimefundisha watu wa nchi nyingi za Afrika. Huko karakana alionyeshwa mkono wa sura, wenye vidole na kucha, na kulabu ya chuma yenye ncha mbili. Akachagua kulabu. Hufungwa kwa mkanda unaopita mgongoni hadi bega la pili. Bega likisukumwa mbele, waya hukaza na ncha hufunguka. Likilegezwa, mipira huzifunga. Kifaa cha namna hii kilipewa hataza mwaka 1912 na Mmarekani D. W. Dorrance, ambaye naye alikuwa amepoteza mkono kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Mwanachama wetu alipoelezwa hayo alicheka kwa mara ya kwanza katika karakana ile, akasema ndiyo sababu kinashika vizuri, kwani aliyekitengeneza alikihitaji mwenyewe.

Ipo pia mikono ya umeme, inayoongozwa na misuli ya gutu na kutumia betri. Haipingi. Anasema inamfaa karani wa mjini. Kwa mtu wa kihamba, anayeshika jembe, samadi na maji ya mfereji, betri ni ng'ombe wa pili wa kulisha. Mipira ya kulabu ikichakaa yeye huikata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, na siku hiyohiyo anarudi kazini.

Kazi aliyopata baadaye ni ya mizani katika chama chake. Wapo walionung'unika: atafungaje magunia? Swali lilikuwa la haki. Mwanzoni alishika mdomo wa gunia kwa meno na goti, mandhari ambayo hakuipenda. Kisha seremala wa kijiji akamtengenezea fremu ya mbao ya kulishikilia gunia likiwa wazi. Msimu haukwisha kabla vijana wenye mikono miwili hawajaanza kuigombania fremu ile. Kusoma mizani hakuhitaji mkono wa kulia hata kidogo. Huhitaji jicho na uaminifu, na katika msimu wake wa kwanza hapakuwa na mgogoro wa uzito hata mmoja.

Akizungumza siasa, hamwachi mtu salama. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. "Chama chetu kina wafanyakazi wanne," anasema. "Sheria inapita juu ya paa letu kama ndege." Kadhalika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango mwaka 2015, unamhudumia mwajiriwa aliyeumia kazini. Yeye alikuwa mwanachama akikata majani ya ng'ombe wake, kwa hiyo hakuwamo. (Makatibu wasiitumie habari hii kama kisingizio: mwendesha mashine anayelipwa na chama ni mwajiriwa, naye hapana budi aandikishwe.) Ipo pia mikopo ya halmashauri, ambayo tangu mwaka 2018 sheria imeitengea asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Huyu hajaiomba. Wagombea nao hupenda kumweka mbele wakati wa kupigwa picha, na baada ya kura hawaikumbuki njia ya kwake. Lakini palipotokea pendekezo la kutenga kiti cha mjumbe mmoja mwenye ulemavu katika bodi ya chama, alilipinga waziwazi. Alisema hicho kingekuwa kiti cha huruma, na mwenye kukikalia angeulizwa habari za ulemavu tu, wala si bei ya mbolea. Akagombea kiti cha kawaida, akashindwa kwa kura nyingi. Wapo wenye ulemavu wasiokubaliana naye kabisa, nao wana hoja nzito, kwamba pasipo kiti kilichotengwa hawataingia milele.

Ushirika wa dunia nzima, katika misingi iliyokubaliwa Manchester mwaka 1995, unasema uanachama uwe wazi kwa watu wote wanaoweza kutumia huduma za chama. Aliposomewa msingi huo aliomba neno "wanaoweza" lirudiwe. Kisha akauliza: mashine isipokuwa na kinga, dirisha la malipo lisipotambua ila saini ya mkono wa kulia, ni nani aliyeamua kwamba fulani haiwezi huduma hiyo?

Katika mkutano mkuu wa mwaka 2018 hoja ya mashine hatimaye iliwekwa mapema. Mwenyekiti aliwataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mwanachama huyu, ambaye siku hiyo aliiacha kulabu nyumbani, alinyoosha gutu. Kijana aliyehesabu akampita, kisha akarudi na kusema kwa heshima, "Mzee, tafadhali nyoosha ule mwingine." Akajibiwa, "Mwanangu, huu ndio unaoihusu hoja hii. Uhesabu." Ukumbi ukanyamaza. Kijana akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama katibu, na katibu akaandika kura moja.

Hoja ilipita. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilikuwa ikidai kinga ya mashine miaka yote hiyo, lakini hakuna aliyeifungua. Kihori cha bati kilirudishwa, kirefu kuliko cha kwanza, na foleni ya majani ikawa ndefu kidogo pia. Kikawekwa na kitufe cha kuzimia injini kwa ghafla, rangi nyekundu, mahali ambapo mlishaji anaweza kukifikia bila kuhama. Fundi alikiweka upande wa kulia.