Binti Anapotaka Kupasuliwa kwa Ajili ya Maumivu



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mazungumzo ya leo huenda yakawatia haya baadhi yenu mnaosikiliza pamoja na watoto. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Ijumaa moja, baada ya sala, mzee mmoja wa Kariakoo alinijia. Binti yake, mwenye umri wa miaka 21, huuza vitambaa katika Mtaa wa Kongo. Kwa miaka kadhaa ameumwa shingo na mgongo kwa uzito wa matiti yake. Mabega yana alama, na siku za joto ngozi ya chini ya kifua huchubuka. Sasa anataka daktari ampunguzie. "Sheikh, huku si kubadili maumbile ya Mungu?" akauliza. Nami, viatu mkononi, nikamjibu pale pale mlangoni kuwa ndiko. Mwenyezi Mungu anisamehe. Ilinibidi nimwendee nyumbani kulirekebisha jibu lile.

Kilichokatazwa ni kugeuza umbo kwa kutafuta uzuri tu. Kuondoa madhara ni mlango mwingine. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatika pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu upasuaji wa namna hii pale daktari anapothibitisha madhara.

Basi mama na afuatane na binti yake hospitali. Tabibu mwanamke akipatikana, ndiye bora. Asipopatikana, haja inaruhusu. Waulize kama sidiria ya kumfaa na mazoezi vyaweza kumtuliza kwanza, na kama matiti yamekwisha kukua. Wajue kwamba atalazwa usingizi, makovu yatabaki, na huenda maziwa ya kunyonyesha yakapungua. Yeye ni mtu mzima. Mwili ni wake kuubeba, na uamuzi aufanye akiwa na wazazi wake pembeni.

Binti alisema pia kwamba vijana humtolea maneno njiani. Enyi vijana wa Kongo na Msimbazi, maneno hayo hayatibiwi kwa kisu cha daktari. Inamisheni macho, mnyamaze! Mnasimama hapo tangu asubuhi, na adhana ikisikika hatuwaoni msikitini.

Mzee aliponisikiliza akaniuliza aanzie wapi, maana tangu alipomkatalia hawajazungumza. Nikamwambia amwulize mgongo unamwuma vipi. Hakuwahi kumwuliza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.