Usiondoke kwa Mlango wa Nyuma



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu na walimu wetu. Wenzangu wa kamati waliniomba nizungumze nanyi kuhusu kazi. Nikawauliza, kazi ipi? Wakaniambia, "Tuzungumzie kuacha kazi, maana vijana wengi wana swali hilo na hawana wa kumuuliza." Basi leo sikuja na mawaidha ya kitabuni. Nimekuja kukueleza yaliyonipata mimi, pamoja na kosa nililolifanya, ili wewe usilirudie.

Kwa miaka tisa, kuanzia 2006, nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo la mji wetu hapa Pwani. Lilikuwa gazeti la kila wiki, kurasa nane tu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na sisi tulikuwa watu wanne: mzee mhariri, mimi, kijana wa matangazo na mama mmoja wa hesabu. Alhamisi usiku kurasa zikipelekwa Mombasa kuchapwa, Ijumaa asubuhi magazeti yakirudi kwa basi. Watu wakitoka msikitini, wachuuzi wako mlangoni.

Niliipenda kazi ile, wallahi. Tuliandika habari za maji yaliyokatika, timu za mpira wa mtaani, kesi za mashamba, harusi, michango ya madrasa, vitambulisho vilivyopotea na tanzia. Nakala zilizobaki ziliishia kufungiwa mahamri, na hata hilo halikutuudhi, kwani mtu alikuwa akila huku anasoma.

Sasa jambo moja la gazeti la mji mdogo: msomaji wako anakujua. Ukikosea hakuandikii barua, anakuja mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba marehemu fulani ameacha watoto watano. Kumbe ni sita. Yule wa sita alipanda ngazi zetu asubuhi, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Na mimi ni nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mzee mhariri alinilazimisha kuyasoma majina yote kwa sauti kabla ya kurasa kuondoka. Akiniambia, "Mwanangu, jina la mtu ni amana."

Kwa nini nikaondoka?

Nisikufiche: pesa. Gazeti dogo haliishi kwa bei ya nakala, linaishi kwa matangazo. Serikali za kaunti zilipoanza 2013 tulifurahi, tukidhani zabuni zitatangazwa kwetu. Zilitangazwa kidogo, na malipo yakachelewa. Mwaka 2015 serikali kuu nayo ikakusanya matangazo yake chini ya wakala mmoja, yakawa yanatoka kwa pamoja katika MyGov. Na tanzia, ambazo zilikuwa nguzo yetu, zikahamia kwenye WhatsApp. Mtu anafariki alfajiri, saa mbili mji mzima una habari. Nani atangoje Ijumaa?

Si sisi peke yetu tuliopatwa na hayo. Huko Marekani, kwenye desturi ndefu ya magazeti ya miji midogo, zaidi ya thuluthi ya magazeti yote yaliyokuwapo 2005 yametoweka. Lakini takwimu hazikuwa faraja kwangu. Mshahara ulichelewa mwezi mmoja, kisha miwili, kisha mitatu. Mtoto wa pili alikuwa njiani. Kwenye daftari la deni la dukani, jina langu lilikuwa na ukurasa wake mzima.

Shemeji yangu akanieleza kuhusu mafunzo ya rekodi za afya, ile kazi ya kuandikisha wagonjwa, kutunza mafaili na kutayarisha ripoti za hospitali. Nikaomba nafasi chuoni, nikapata. Hadi hapo sikumkosea mtu.

Kosa langu

Kosa ni kwamba sikumwambia mzee. Barua ya chuo ilikaa kwenye mkoba wangu miezi miwili. Nilijidanganya kuwa namhurumia, asije akavunjika moyo. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mtu aliyenifundisha kazi tangu sijui kuandika kichwa cha habari, nitamtazama vipi usoni?

Basi nikangoja Alhamisi moja, siku yenye shughuli kuliko zote. Mzee alipokwenda kuswali Magharibi, niliacha barua juu ya meza yake, nikashuka ngazi. Sikutoa notisi wala sikuaga. Na daftari langu nikaondoka nalo.

Ndani ya daftari lile mlikuwa na tanzia moja. Mzee alilazimika kuiandika kwa kumbukumbu ya alivyonisikia nikiitaja mchana. Ijumaa gazeti likatoka na jina la baba wa watu limekosewa, jina la ukoo likawa la ukoo mwingine kabisa. Familia ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa mzee. Mimi nilikuwa nyumbani nafunga sanduku.

Kwa miaka minne sikupita mtaa wa ofisi ile. Gazeti lilifungwa 2017, nikasikia kwa watu.

Kazi mpya, amana ile ile

Nilimaliza chuo, nikaajiriwa hospitalini. Nilidhani nimeliacha gazeti nyuma, kumbe nimehamia meza nyingine tu. Mtoto akizaliwa hospitalini, sisi ndio tunaojaza fomu ya B1, na karatasi hiyo ndiyo mzazi anayokwenda nayo kuchukua cheti cha kuzaliwa. Mtu akifariki, kuna D1. Herufi moja ikikosewa pale, mtoto atakuja kusumbuka shuleni, kwenye kitambulisho, kwenye pasipoti, hata kwenye mirathi. Nyinyi watu wa Pwani hamhitaji kuelezwa taabu ya kitambulisho.

Kwa hiyo kila mzazi anayekuja dirishani kwangu namsomea jina kwa sauti kabla hajaondoka. Wenzangu hunicheka. Lakini kila nikisoma nilikuwa namkumbuka mzee, na roho inaniuma.

Mwaka mmoja, mwisho wa Shaaban, nilikuwa nimeketi sebuleni natuma ule ujumbe sote tunaoujua: "Ramadhan inaingia, kama nimekukosea nisamehe." Ujumbe mmoja, watu mia moja na ishirini. Mke wangu akaniuliza, "Na yule mzee wa gazeti umemtumia?" Nikasema sina namba yake. Akasema, "Nyumba yake huijui?"

Nikaenda. Mzee alinikaribisha, akaagiza kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na gazeti la Ijumaa ile. Alikuwa amelihifadhi. Akaniambia, "Mwanangu, haki yangu nilikusamehe zamani. Ungeniambia, ningekuombea dua na kukutafutia nauli. Lakini hili hapa," akaweka kidole kwenye ile tanzia, "hili si langu kulisamehe."

Siku ya pili nikabisha hodi kwa mjane wa marehemu. Nilipojieleza, alinyamaza kitambo. Akanitolea cheti cha kifo, jina liko sawa. Akasema, "Hili ndilo la serikali, baba. Lakini watu hawakusoma hili. Walisoma lenu." Alinisamehe, Mungu amlipe. Ila maneno yale ningali nayo.

Basi wewe ufanyeje?

Usinielewe vibaya. Sisemi usiache kazi. Kuacha kazi unayoipenda si usaliti, na kubaki njaa na watoto si uaminifu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye sote twamjua, alianzisha Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Magazeti hayo hayakudumu miaka mingi. Yeye aliingia katika ukadhi, na kuanzia 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Alibadilisha kazi akiwa na miaka arobaini na kitu. Je, kalamu yake ilipotea? Makala yake yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi kilichotoka 1944, na hadi leo yanasomwa. Watu aliowaandikia gazetini ndio aliowahukumia baadaye.

Kwa hivyo la kwanza, ukitaka kuondoka, mwambie aliyekufundisha kabla hajaambiwa na mwingine. Mwambie uso kwa uso, na mapema, apate kujipanga. Aibu ya nusu saa ni bora kuliko ya miaka minne.

La pili, kabidhi kazi iliyo mkononi. Funguo, daftari, namba za watu, deni la mteja, ahadi uliyompa mtu. Andika yote kwenye karatasi na umkabidhi anayebaki. Kuna mtu usiyemfikiria, kama yule mjane, ambaye haki yake imo ndani ya daftari lako.

La tatu, usiidharau kazi ya zamani ili upate nguvu ya kuiacha. Vijana wengi hufanya hivyo, wanaanza kuisema vibaya ndipo mguu uwe mwepesi. Chukua ulichofunzwa uende nacho. Mimi sina tena gazeti, lakini bado nayasoma majina kwa sauti.

Na la mwisho ni kwa yule ambaye amekwisha kuondoka kwa mlango wa nyuma, kama mimi. Ramadhan hii, kabla hujaufunika ule ujumbe wa watu mia moja na ishirini kuwa umemaliza, mtoe mmoja kwenye orodha. Unamjua ni nani. Huyo usimtumie ujumbe. Vaa viatu uende.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, atuwezeshe kurudisha amana za watu, na atukubalie saumu zetu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.