Gunia Lisilo na wa Kuulizwa: Aflatoksini na Chakula cha Nyumbani katika Meru na Embu



Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi, Dola ikiwemo, kwa kuwa aflatoksini, sumu ya kuvu, ilizidi kiwango. Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuvuka mpaka kwa sababu hiyo hiyo, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti. Mara zote mbili nchi ilishtuka, ikabishana, ikanyamaza. Na mara zote mbili mahindi yaliyoshukiwa yalikuwa na mwenyewe wa kuulizwa: kiwanda chenye leseni, lori lenye stakabadhi mpakani.

Mimi nimekuja kuzungumzia gunia lisilo na wa kuulizwa. Liko nyuma ya mlango wa chumba cha kulala huko Gategi au Gatunga. Gorogoro kwa gorogoro huenda posho mill na kurudi jikoni likiwa unga wa ugali na uji wa mtoto. Mahindi yasiyosagwa huingia kwenye sufuria ya githeri. Hakuna ofisa anayelipima, na hakuna gazeti litakaloandika habari zake mpaka watu wafe.

Na watu wamewahi kufa. Wengi wenu wanafunzi mlikuwa hamjazaliwa mwaka 2004, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo hapo. Mahindi ya Februari mwaka huo yalivunwa huku mvua ikinyesha nje ya msimu wake. Yalikuwa mabichi, na watu walikuwa wametoka katika njaa, hivyo waliogopa wezi. Wakayatoa kwenye ghala za nje zinazopitisha hewa, wakayaingiza nyumbani walikolala. Joto na unyevu vikafanya kazi yao. Kufikia Aprili hospitali za Makueni na Kitui zilikuwa zikipokea wagonjwa wenye macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na maini yaliyokuwa yakishindwa kazi. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Mahindi yaliyochukuliwa masokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango cha wakati huo, na nyingine zilikizidi mara hamsini. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao. Yaani familia ziliumizwa na juhudi zao za kulinda chakula. Siwezi kulisema hilo bila uchungu.

Ukambani, ziliko Makueni, Kitui na Machakos, ni jirani yetu wa karibu. Kuvuka Tana kutoka Mbeere hadi Kitui hakubadilishi udongo wala mvua, na kuvu aitwaye Aspergillus flavus anaishi katika udongo huohuo. Mahindi yakipigwa na ukame wakati wa kutoa nywele, kuvu huyo hupenya kwenye gunzi yakiwa bado shambani, akisaidiwa na wadudu wanaotoboa punje. Baadaye, yasipokauka vizuri, hustawi na kumwaga sumu. Ndiyo maana hii ni sumu ya nyanda za chini hasa, ambako mvua haitabiriki. Mkulima wa chai wa Runyenjes anaweza kuishi bila kuiwaza; mkulima wa Ishiara hawezi.

Kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Hiyo ni sawa na gramu 10 za sumu katika magunia 11,000 hivi ya kilo 90. Jicho haliioni, ulimi hauionji, na moto wa jikoni hauiui, maana huanza kuvunjika katika joto linalozidi mara mbili lile la maji yanayochemka. Mama anayechagua punje moja moja kwenye uteo na kutupa zilizobadilika rangi anafanya jambo jema, kwa kuwa punje hizo ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako, kama wanavyofanya wanaopika muthokoi, huondoa kiasi kikubwa pamoja na ganda. Lakini zile punje mbovu huenda wapi? Mara nyingi hupewa ng'ombe na kuku. Ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo huitoa sumu kwa sura nyingine katika maziwa, na maziwa humrudia mtoto yuleyule tuliyekuwa tukimlinda.

Kufa ghafla, kama mwaka 2004, ni sehemu ndogo ya madhara. Sehemu kubwa ni ya polepole: saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo ile chanjo mtoto anayopewa kliniki ni kinga dhidi ya mahindi pia, ingawa ni wachache wanaoambiwa hivyo.

Sasa nije kwetu. Watafiti wakiongozwa na Vivian Hoffmann walifanya jaribio katika kaunti za Meru na Tharaka-Nithi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, mahindi ya nyumba zenye mama mjamzito au mtoto mdogo yalipimwa, na yaliyokuwa na sumu yakabadilishwa kwa mahindi safi. Sumu katika damu ya watoto ilishuka kwa zaidi ya robo. Urefu wa watoto mwishoni mwa jaribio haukuonyesha tofauti ya wazi, na ni haki niliseme hilo pia, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba aflatoksini peke yake ndiyo inayodumaza watoto. Jaribio jingine katika eneo hilohilo lilionyesha kwamba mafunzo pamoja na karatasi ya plastiki ya kuanikia, ili mahindi yasiguse udongo, yalipunguza sumu kwa zaidi ya nusu. Mafunzo na karatasi tu.

Kilichonigusa katika jaribio lile la kwanza ni kitendo chenyewe cha kubadilisha. Tumezoea kuwaambia watu: mahindi haya ni mabaya, yatupeni. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba magunia milioni 2.3 hayafai kuliwa. Mwenye gunia moja lililobaki na watoto wanne atalitupa ale nini? Atanyamaza, atalichagua, atalisaga. Au atamuuzia broka, naye broka atalichanganya na mengine, na mwisho litaliwa Nairobi. Onyo lisiloambatana na chakula mbadala huihamisha sumu tu.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa kaunti zetu tatu, Embu, Tharaka-Nithi na Meru, jambo linaloweza kuanza katika wadi moja. Kila posho mill iwe na kipima unyevu, na mahindi yanayozidi asilimia 13.5 yarudishwe kukaushwa kabla ya kusagwa au kuwekwa. Asiye na kifaa achukue chupa kavu na chumvi kavu, atie mahindi, atikise. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Baada ya kila mavuno, sampuli zipimwe kijijini. Wala pasitegemewe kiganja kimoja, maana gunzi moja bovu linaweza kuchafua gunia huku sampuli ikitoka safi: zichotwe punje juu, katikati na chini, zichanganywe, zisagwe, ndipo zipimwe. Na nyumba itakayokutwa na mahindi mabovu ipewe mahindi mazuri siku hiyohiyo, kilo kwa kilo, bila kuulizwa kwa nini yameharibika.

Gharama? Ndiyo, ipo. Lakini leo gharama ya kukausha inambebesha mkulima peke yake, kwa kuwa mahindi yaliyokaushwa vizuri hapa hayana bei yake. Broka hulipa sawa kwa makavu na kwa yale ya juzi, na mkulima anayesubiri jua anapoteza uzito na fedha. Bodi ya Nafaka inaweza kulipa zaidi kwa gunia kavu lililopimwa, na shule zetu za bweni, ambazo hununua mahindi ya githeri kwa mamia ya magunia, zinaweza kukataa zabuni isiyo na cheti cha aflatoksini. Wakuu wa shule mlio hapa, zabuni za muhula ujao hamjazitangaza bado.