Kufuli Nyepesi kwa Baiskeli ya Mfanya Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Eastlands katika mkutano wa tawi, siku ya Jumapili)



Mkutano uliopita tulizungumza juu ya mishahara, na mkutano ujao tutazungumza juu ya mishahara tena. Leo twaomba nafasi kidogo kwa jambo la kufuli. Wengine mtacheka. Lakini yuko ndugu mmoja wa tawi hili, mkaaji wa Umoja, ambaye hacheki hata kidogo.

Ndugu huyu alikuwa akienda kazini Industrial Area kwa baiskeli. Jioni moja alipita Barabara ya Likoni, akaingia Barabara ya Jogoo, ile ambayo wazee waliijua kwa jina la Doonholm, akasimama Makadara kununua unga. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka, akaingia. Hakukaa ndani hata dakika 3. Alipotoka, ukuta upo, baiskeli haipo. Na kufuli alikuwa nayo! Kufuli ngumu, chuma kinene cha umbo la herufi U, uzito wake kama kilo 1 na nusu. Ilikuwa nyumbani chini ya kitanda, kwa kuwa ni nzito, na kwa kuwa yeye husimama kidogo tu.

Tangu siku hiyo nauli ya matatu yala mshahara wake asubuhi na jioni, na mwezi ukifika mwisho anatembea kwa miguu. Nyongeza tuliyoipigania sisi sote, kwake yeye imepotea mbele ya duka la unga.

Basi tuulize: mwizi wa dakika 3 ni nani? Si yule anayekuja usiku na mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Huyo akija, kufuli nyepesi haimzuii, na anayewaambia kwamba yamzuia anawauzia kitu. Mwizi wa dakika 3 ni mpita njia. Hana chombo mkononi. Aona baiskeli iko wazi, apanda, akanyaga, akata kona kati ya nyumba, kwisha. Huyu ndiye tunayetaka kumzuia, na huyu azuilika kwa kitu chepesi, mradi kitu hicho kiwe kimefungwa.

Kwanza tazama baiskeli yako. Mwenye Black Mamba, chuma cha kilo 20 na zaidi, pengine na kreti za mkate nyuma, hawezi kuibiwa kwa kubebwa begani mchana watu wakitazama. Huyo yamfaa kufuli ya duara inayokazwa kwenye fremu juu ya gurudumu la nyuma. Unasukuma kishikio, chuma chapita katikati ya spoku, gurudumu halizunguki. Nyingi za namna hii ufunguo hukaa ndani yake wakati unapoendesha, kwa hiyo kufuli haiwezi kubaki chini ya kitanda. Uholanzi, nchi ya baiskeli, watu wengi sana hutumia kufuli hii kila siku.

Lakini mwenye baiskeli nyepesi, zile za mitumba kutoka Uingereza, asitegemee kufuli ya duara peke yake. Baiskeli yake yaweza kuinuliwa kwa mkono mmoja na kuwekwa juu ya bodaboda. Lazima ifungwe kwenye kitu kisichoondoka: mlingoti wa stima, nondo za dirisha, geti. Hapo waya wa kusokotwa wenye kufuli wafaa. Uzito wake ni kama robo kilo, nao wazungushwa chini ya kiti wala husumbui. Jueni tu kwamba waya mwembamba wakatwa kwa koleo la kawaida la fundi wa stima. Pitisha waya ndani ya fremu, usifunge gurudumu la mbele peke yake. Magurudumu mengine hutoka kwa kufungua kishikio kwa mkono, na utakuta gurudumu lako limefungwa vizuri kwenye mlingoti, mengine yote yamekwenda. Fundi aweza kuondoa kishikio hicho akatia nati.

Kuna kufuli za namba. Zina faida, hazina ufunguo wa kupotea. Yenye namba 4 ina njia 10,000 za kupangwa, na mtu hujisikia salama. Lakini tumewaona wenzetu wakifunga kwa haraka: wanageuza namba moja tu, ili kufungua kuwe rahisi. Mwizi anayejua tabia hiyo ageuza moja moja, na kwa namba uliyoigeuza majaribio hayazidi 9. Geuzeni zote. Na mtu anayefungua saa kumi na moja alfajiri gizani, afadhali ufunguo.

Juu ya ufunguo pia, tahadhari. Mwaka 2004 huko Marekani watu waligundua kwamba baadhi ya kufuli za Kryptonite, kampuni yenye sifa kubwa, zile za ufunguo wa mviringo kama bomba, zilifunguka kwa kuingiza kifuko cha kalamu ya Bic na kuzungusha. Kalamu hii hii ya watoto wetu wa shule! Kampuni ikalazimika kuwabadilishia watu kufuli bure. Kwa hiyo ukiona kufuli rahisi yenye ufunguo wa namna hiyo, iache dukani, uchukue ya ufunguo bapa. Nayo uitie tone la mafuta ya cherehani, maana vumbi na mvua za masika huziba tundu.

Kufuli nyepesi ni ya duka, kibanda cha chai, M-Pesa. Ni ya mahali ambapo ukigeuza shingo unaiona baiskeli. Ukipanda ghorofa ya tano kupeleka mzigo, hicho si kituo cha haraka tena, hata ukijiambia unarudi sasa hivi.

Wala si ya kutwa nzima kazini, na hapa twarudi kwenye shauri la chama. Liko kampuni moja ambako gari la meneja lina kivuli na mlinzi, na baiskeli za wafanya kazi hukataliwa getini, zikafungwa nje kwenye ua wa waya saa 8 au 9. Wenzetu wa hapo walinunua waya mwembamba, wakapoteza baiskeli 2. Kosa si la waya. Twataka bomba la chuma lisimikwe ndani ya geti, mahali mlinzi anapoona, na tumeamua jambo hili liingie katika barua ya madai. Wanaokuja kazini kwa baiskeli wampe karani wa tawi majina yao na zamu zao kabla ya Jumamosi, maana tutaulizwa ni wangapi.