Pointi za Mtaroni

Mathare, jijini Nairobi, timu ya watoto hupata pointi kwa kushinda mechi, na hupata nyingine kwa kuzibua mitaro. Ndivyo MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987, kilivyopanga ligi yake. Siku ya usafi utawakuta na reki, sepetu na toroli, wakizoa mifuko na matope yaliyoziba njia ya maji. Asiyefika anaiangusha timu nzima.

Wafadhili wengi hugawa madaftari, wakapiga picha, wakaondoka. Hapa mtoto hapewi tu, anadaiwa pia, na kwangu hiyo ndiyo siri ya chama hiki kudumu. Humo humo ndimo ilimotoka Mathare United, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Si haba.

Lakini tusijidanganye. Kuzoa taka ni jukumu la serikali ya kaunti, inayokusanya ada kila mwaka. Watoto wakisharundika uchafu kando ya barabara bila lori kuja, mvua ya kwanza inaurudisha mtaroni. Waheshimiwa wa kaunti mlio City Hall, pelekeni lori Mathare.